Isopropili miristati: mafuta yenyewe safi, ufungaji ndio ulioniudhi

Natengeneza losheni, mafuta ya mwili na zeri za midomo, na kilainishi ninachokimaliza haraka kuliko vyote ni isopropili miristati, ambayo wengi wetu tunaiita IPM tu. Safari hii niliagiza kwa muuzaji mpya wa malighafi za vipodozi: chupa kubwa ya lita moja, na pembeni kichupa cha sampuli cha bechi nyingine ambayo bado hajaanza kuiuza kwa wingi. Mafuta ya chupa kubwa nayapa alama zote. Ufungaji, hasa wa ile sampuli, umeniudhi, na sitaki kuupitia juu juu, maana IPM ni bidhaa isiyoharibika ovyo. Ikiharibika, mara nyingi wa kulaumiwa ni chombo au mkono wa mtu.

Nianze na kilichomo. Ni kimiminika kisicho na rangi, harufu hakuna, na ni chepesi mno kwa kitu kinachoitwa mafuta. Nilidondosha tone moja nyuma ya kiganja, likatambaa lenyewe hata kabla sijalisugua. Nilipolisugua ngozi ikabaki laini na kavu kwa kugusa, bila ule mnato unaoachwa na mafuta ya nyonyo. Hiyo ndiyo kazi ninayoinunulia: inapunguza uzito wa mafuta mazito ili losheni ienee bila kung'ang'ania. Katika krimu na losheni kiwango cha kawaida ni kati ya asilimia 1 na 10. Mimi hukaa karibu na katikati, na sijaona sababu ya kwenda juu zaidi.

Kuna jambo la mizani ambalo linazua malalamiko bure. Uzito wa IPM ni kama gramu 0.85 kwa kila mililita, kwa hiyo lita moja kamili ina gramu 850 hivi, si kilo. Muuzaji huyu anauza kwa ujazo na ameandika hivyo waziwazi, ila ukiweka chupa kwenye mizani ukitegemea kusoma kilo moja utadhani umepunjwa. Hujapunjwa. Kama fomula yako imeandikwa kwa gramu, pima kwa gramu, uachane na vijiko na mililita.

Sasa ile sampuli. Ilikuja kwenye kichupa cha kioo cha kahawia, kizuri kweli, lakini kifuniko chake kilikuwa dropa yenye chuchu ya mpira. Mtu yeyote anayeuza IPM anapaswa kujua kwamba hii na mpira havikai pamoja: mpira unavimba na sehemu yake inayeyukia ndani ya mafuta. Nilipokifungua, chuchu ilikuwa imetuna na kulegea, nikiibonyeza haijazi tena. Kwenye shingo ya kichupa kulikuwa na utando mweusi unaonata, na kimiminika ndani kilikuwa na rangi ya chai hafifu badala ya kuwa angavu. Kupima ubora wa bechi mpya kwa sampuli ya namna hiyo haiwezekani. Sikuipaka popote. Niliitenga kama taka.

Kwa sababu hiyohiyo, glavu za mpira wa asili hazifai kwa kazi hii. Zinalegea na kuvutika vidoleni wakati ungali unapima. Glavu za nitrili zinastahimili vizuri zaidi, na ndizo ninazotumia. Angalia pia ndani ya vifuniko vya chupa zako. Vingine vina pete ya mpira ambayo huioni mpaka ukichokoe kifuniko kwa kucha.

Chupa ya lita moja ilikuwa ya plastiki nzito nyeupe, yenye kifuniko cha kusokota na muhuri ambao haukuwa umeguswa. Kwa safari sina neno, wauzaji wengi hutumia hiyo na haikuvuja hata kidogo. Lakini poliithilini, ndiyo plastiki ya chupa hiyo, nayo huvimba ikikaa na IPM, na nailoni vivyo hivyo, kwa hiyo sipendi iishi humo mwaka mzima. Ikifika naihamishia kwenye chupa za kioo cha kahawia zilizokauka kabisa, nazijaza hadi karibu na shingo, na kila moja naibandika lebo yenye jina kamili, namba ya bechi na tarehe niliyofungua. Lebo ni lazima kabisa. Kwa macho tu IPM haitofautiani na maji, na chupa isiyo na jina ndani ya nyumba yenye watoto ni hatari ya kujitakia.

Kuhusu mahali pa kuiweka, lebo ya muuzaji inasema "hifadhi kwenye jokofu". Nadhani sentensi hiyo imenakiliwa kutoka lebo za mafuta yake mengine, maana hapa haina msingi. Mafuta kama ya alizeti au ya zabibu yana vifungo maradufu ambavyo oksijeni huvishambulia, ndipo yanachacha. IPM ni esta, yaani asidi iliyounganishwa na alkoholi, na asidi ya miristiki iliyotumika kuitengeneza imeshiba, haina kifungo hata kimoja cha namna hiyo, na ndiyo maana IPM inakaa muda mrefu bila kunuka. Kabati kavu lenye ubaridi wa kawaida wa chumba, mbali na mwanga wa jua na jiko, linatosha kabisa. Tena jokofu linaweza kukuletea usumbufu: inapofika kati ya nyuzi 3 na 5 za Selsiasi huanza kuganda. Ukiikuta hivyo usiitupe, iache irudi kwenye joto la chumba nayo itakuwa angavu kama awali. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba ukitoa chupa baridi na kuifungua papo hapo, unyevu wa hewani unatua ndani yake.

Na maji ndiyo ya kuogopa. Hayachanganyiki na IPM. Tone likiingia linazama, kwa kuwa maji ni mazito zaidi, na pale chini ya chupa ndipo vijidudu hupata makazi. Muda ukiwa mrefu, na hasa kukiwa na asidi au alkali iliyobaki kwenye chombo, maji yanaweza pia kuivunja esta irudi kuwa asidi na alkoholi. Kwa hiyo bika ninayopimia huwa ya kioo au chuma cha pua, imekauka, na kilichobaki ndani yake sikirudishi kwenye chupa mama hata kama ni kingi. Kinaingia kwenye kazi ya siku hiyo.

Nije kwenye makaratasi, ambako muuzaji huyu yuko nusu kwa nusu. Chupa kubwa ina namba ya bechi na tarehe ya mwisho, sampuli haikuwa na chochote zaidi ya jina. Karatasi ya usalama nililazimika kuiomba, na ilipokuja niliisoma sehemu mbili ambazo kwangu ndizo zenye maana: ya 7, inayohusu utunzaji na uhifadhi, na ya 10, inayotaja vitu visivyopatana na kemikali. Ya 7 imeandikwa vizuri, na wala haikutaja jokofu, jambo linalothibitisha kwamba lebo na karatasi hazijawahi kukutana. Ya 10 ilitaja vioksidishaji vikali na kuishia hapo. Mpira haukuonekana popote. Basi haishangazi kwamba aliyefunga sampuli alichukua dropa iliyokuwa karibu.

Kuhusu moto, karatasi hiyo inaonyesha kwamba mvuke wake hauwaki mpaka joto lipite nyuzi 150, kwa hiyo kuipasha kwenye sufuria ya maji ya moto hakuna shida. Kuiweka moja kwa moja juu ya mwali ndiko nisikokubali. Hatari ambayo watu huisahau ni vitambaa. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Uingereza, MHRA, ilipanua onyo lake kuhusu vilainishi vya ngozi: nguo na mashuka yaliyofyonza vilainishi yanapokauka hushika moto kwa urahisi na kuungua kwa kasi zaidi, hata kama kilainishi hakina parafini (ile ya vipodozi, si mafuta ya taa). Kuyafua kunasaidia lakini hakuondoi yote. Kitambaa nilichofutia IPM sikianiki karibu na jiko.

Ikimwagika sakafuni, usipite juu yake hata kwa hatua moja, utateleza vibaya. Mwagia mchanga au vumbi la mbao, zoa, kisha sugua kwa sabuni na maji ya moto. Usiisukumie kwenye mfereji.

Kwa wanaotengenezea wengine, kuna mambo mawili ya ngozi ambayo muuzaji hakuyasema. IPM ina sifa mbaya ya kuziba vinyweleo, kwa hiyo mimi siiweki kwenye krimu ya uso ya mtu mwenye chunusi. Pia hurahisisha vitu vingine kupenya ngozini, sifa ambayo watengenezaji wa dawa za kupaka huitumia kwa makusudi. Ukiwa na mafuta ya manukato kwenye fomula, punguza kiwango cha manukato hayo. Na kama zeri yako yenye parafini ngumu imetoka na chembechembe, usikimbilie kuilaumu bechi. IPM na nta hiyo ya parafini hazipatani, tumia nta nyingine.

Chupa ya lita moja nitaiagiza tena, na ningeipa nyota tano kama si ile lebo ya jokofu. Sampuli naipa moja, kwa ajili ya kioo cha kahawia tu. Nilimwandikia muuzaji nikamtumia picha ya chuchu iliyotuna, akajibu kwa adabu kwamba dropa hizo ndizo anazotumia kwa mafuta yote na kwamba hakuna mwingine aliyelalamika. Ameahidi sampuli nyingine yenye kifuniko cha kusokota. Mnaoagiza kwa sasa andikeni ombi hilo kwenye nafasi ya maelezo kabla ya kulipia, kwa sababu kwenye orodha ya bidhaa bado picha ni ileile ya dropa.