Kliniki ya chanjo za watu wazima: chumbani raha, mlangoni taabu

Baba yangu ana miaka 72 na kisukari, na kwa ajili yake ndipo nilipoijua kliniki hii ya chanjo za watu wazima. Kazi ya muuguzi naipa nyota 5 bila kusita. Utaratibu wa kumfikia huyo muuguzi naupa 2.

Nianze na chumbani. Tulikwenda kwa chanjo ya mkanda wa jeshi. Muuguzi hakukimbilia sindano. Alimkalisha baba, akamuuliza dawa anazotumia, kama ana mzio, kama amepata homa karibuni, na mara ya mwisho kuchanjwa pepopunda ilikuwa lini. Baba hakukumbuka, naye akaandika hivyo hivyo, bila kumfanya ajione mzembe. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba alizungumza na baba mwenyewe. Wahudumu wengi wakimwona mzee amefuatana na mwanawe, maneno yote huyaelekeza kwa mwana, kana kwamba mgonjwa hayupo.

Alimweleza kwamba virusi vya tetekuwanga aliyougua utotoni havikuondoka mwilini. Vimejificha kwenye mishipa ya fahamu, na kinga ikilegea kwa umri vinaweza kuamka na kuleta mkanda wa jeshi. Vipele hupona, lakini maumivu yanaweza kubaki miezi, hata miaka. Baba akamwambia: "Rafiki yangu alichanjwa, na bado mkanda ukampata." Hakumpuuza. Alimwambia kuwa chanjo ya zamani, iliyoanza kutumika 2006, ilipunguza hatari kwa takriban nusu tu. Hii mpya ya dozi mbili, iliyoidhinishwa Marekani 2017, haina virusi hai, na katika majaribio ilizuia ugonjwa kwa takriban asilimia 90 hata kwa waliovuka miaka 70. Jibu la namna hiyo linamtosha mtu mzima aliyekuja na shaka ya kweli.

Pia alimtahadharisha: mkono utauma, mwili unaweza kuchoka na kupata homa kwa siku moja au mbili. Usiku ule baba alitetemeka kidogo, lakini hakuogopa, kwa sababu alishaambiwa. Nadhani wazee wengi huiacha dozi ya pili kwa sababu hakuna aliyewaandaa kwa ya kwanza.

Kabla hatujatoka, muuguzi alimpa na chanjo ya mafua kwenye mkono wa pili, akapanga na ya nimonia kwa sababu ya umri na kisukari. Nikamuuliza kuhusu ile ya mafua ya dozi kubwa, yenye antijeni (kile kiungo kinachoamsha kinga ya mwili) mara 4 ya kawaida, iliyotengenezwa kwa watu wa miaka 65 na zaidi. Alisema hawana, na kwamba ya kawaida leo ni bora kuliko kuisubiri nyingine msimu ukipita. Sawa kabisa.

Sasa mlangoni. Miadi hupatikana kwa programu ya simu peke yake, nayo hutuma namba ya siri inayokwisha muda upesi. Baba ana mtoto wa jicho. Asingeweza kuipata miadi hiyo peke yake, na najiuliza wale wasio na mtu wa kuwashikia simu wanafanyaje. Vibao vyote ukumbini vinaelekeza kwa mama na mtoto. Viti vya kusubiria ni vya chini, havina pa kushika unapoinuka.

Mbele yetu palikuwa na mzee mwenye mkongojo. Aliambiwa dirishani kuwa bima yake inalipia chanjo ya mafua, lakini ya mkanda wa jeshi atalipa mwenyewe. Akauliza kiasi, akashukuru, akaondoka. Hakuna aliyemwambia walau aingie kwa ile ya mafua. Nilisikitika sana. Huyo si mtu anayekataa chanjo. Alijitokeza mwenyewe, kwa miguu yake, na utaratibu ukamrudisha. Marekani, tangu Januari 2023, wazee wenye bima ya dawa ya Medicare, mpango wa serikali wa bima ya afya kwa wazee, hawalipi chochote kwa chanjo zinazopendekezwa kwao chini ya bima hiyo, ikiwemo ya mkanda wa jeshi. Hilo liliamuliwa kwa sheria, kwa hiyo linaweza kuamuliwa na kwingine.

Dozi ya pili inatakiwa miezi 2 hadi 6 baada ya ya kwanza. Tarehe yetu iliandikwa kwenye kikaratasi chembamba. Hakuna kadi, ujumbe wala simu ya kumkumbusha. Mtoto mchanga ana kadi ya kliniki, ana tarehe zake, na asipoletwa kuna wa kumuulizia. Mpango wa kimataifa wa chanjo za watoto ulianzishwa na Shirika la Afya Duniani 1974, na tumeuona ukiokoa maisha. Mzee anastahili kadi ya namna hiyo hiyo. Uingereza hawamwachii mzee kukisia: tangu Septemba 2023 anayefikisha miaka 65, au 70, zamu yake ya chanjo ya mkanda wa jeshi imefika, na inajulikana.

Kliniki hii ingeweza kuanza kesho na mambo madogo: simu ya kawaida ya kupangia miadi, na muuguzi mmoja dirishani anayeuliza kila mwenye mvi, hata aliyekuja kupimwa sukari tu, "Chanjo zako zimefikia wapi?"

Baba ameshamaliza dozi zote mbili, na tutarudi kwa ile ya nimonia. Ukimpeleka mzazi wako, beba orodha ya dawa zake, vaeni shati la mikono mifupi, na omba kumbukumbu zote ziandikwe kwenye daftari moja. Kabla ya kufika, ulizeni bima yenu inalipia chanjo zipi, ili jibu hilo lisiwakute dirishani.