TAHADHARI: Pawa saplai za “600W” zisizofika hata nusu yake

Wanaounda kompyuta ya mezani kwa bajeti ndogo, kaeni chonjo. Kuna pawa saplai (kile kiboksi cha ndani kinachobadili umeme wa ukutani uwe wa kompyuta) za bei ya kutupa, boksi limeandikwa 600W au 700W kwa herufi kubwa, na ndani hakuna kitu cha namna hiyo. Zikiwashwa zinawaka, feni inazunguka, kompyuta inafunguka. Mnunuzi hajui kama ameingizwa mkenge mpaka siku anapofungua gemu zito na mashine inazima ghafla.

Achana na namba ya boksi. Soma lebo ya ubavuni na utafute mstari wa +12V (kila mstari ni njia ya umeme wa volti fulani), maana prosesa na kadi ya grafiki zinakula karibu umeme wao wote hapo. Zidisha ampea kwa 12. Lebo za pawa saplai hizi husomeka hivi: +12V 18A, +5V 25A, +3.3V 22A, -12V 0.5A, +5VSB (umeme wa kusubiri kompyuta ikiwa imezimwa) 2A. Hapo 18 mara 12 ni wati 216, basi. Hata ukiwahurumia ukajumlisha kila mstari, 216 na 125 na 73 na 6 na 10, unaishia 430. Zile nyingine zimetoka kwa mchapaji wa stika. Na hizo 430 nazo ni za kwenye karatasi tu, kwa sababu mistari inagawana transfoma moja na haiwezi kutoa kiwango chake cha juu yote kwa wakati mmoja.

Pawa saplai ya kweli ya 550W huandikwa 45A hivi kwenye +12V, yaani wati 540. Ukikuta 12V1 na 12V2, usijumlishe ampea zake. Tafuta jumla ya pamoja iliyoandikwa na kiwanda. Isipoandikwa, rudisha mezani. Ukikuta -5V, huo ni mchoro wa zamani uliovalishwa boksi jipya, mstari huo uliondolewa kwenye viwango vya ATX (kanuni za umbo, plagi na umeme wa kompyuta za mezani) mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Sasa piga hesabu ya mashine ya kawaida. Kadi ya grafiki ya RTX 3060 inakula wati 170. Prosesa ya Ryzen 5 5600 imeandikwa 65W lakini inaruhusiwa kuzidi hapo, weka 88. Mazabodi (ubao mkuu), RAM, diski na feni, weka 50. Jumla 308, juu ya mstari wa wati 216. Volti zinaanza kushuka chini ya 11.4, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikomo cha chini cha ATX, na kompyuta inajizima au kujiwasha upya. Hiyo ndiyo bahati nzuri. Kwenye hizi feki sakiti za ulinzi mara nyingi zimerukwa ili kupunguza gharama, na pawa saplai ikilipuka inaweza kuondoka na mazabodi.

Wauzaji wana majibu yao. Wa kwanza ataiwasha mbele yako kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi. Jaribio hilo linaonyesha kwamba inawaka, halisemi lolote kuhusu mzigo inaoweza kubeba. Wa pili atasema 600 ni “ya kilele”. Kilele cha sekunde chache hakiendeshi kompyuta. Wa tatu ataonyesha nembo inayofanana na 80 Plus (cheti cha kutopoteza umeme mwingi), wakati mwingine imeandikwa 85+, daraja ambalo halipo. Jina la modeli litafute kwenye orodha rasmi ya 80 Plus. Hata nembo ya kweli inapima tu umeme unaopotea kama joto, haipimi ulinzi. Wa nne hatumi picha ya lebo hata umwombe vipi, na huyo hata usibishane naye.

Bila kufungua chochote, mulika tochi kwenye matundu ya feni. Kwenye feki, mabapa ya alumini ya kupozea ni membamba kama kifuniko cha kopo, na pale waya wa ukutani unapoingilia, mahali pa koili za kuchuja umeme pamerukwa kwa kipande cha waya mtupu. Usiifungue: kapasita kubwa hubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa. Swichi nyekundu ya 115/230 kwenye pawa saplai mpya ya “600W” nayo ni dalili mbaya, na ikiachwa kwenye 115 penye umeme wa 230, inapasuka papo hapo. Adapta ya Molex (plagi ya zamani ya pini 4) kwenda pini 8 ndani ya boksi ni kiwanda chenyewe kinakiri, kwa sababu plagi ya pini 8 ya kadi ya grafiki ni ya wati 150 na hakikuweka waya wake.

Kwenye mitumba kuna mtego mwingine. Kwenye pawa saplai ambazo nyaya zake zinachomoka, mpangilio wa pini upande wa pawa saplai haufanani kwa kampuni zote. Muuzaji akikuokotezea waya wa kampuni nyingine, plagi inaweza kuingia vizuri kabisa na SSD (diski) ikaungua. Nunua na nyaya zake au usinunue. Zilizotolewa kwenye kompyuta za ofisi za Dell na HP mara nyingi ni imara, ila nyingi plagi zake si za ATX.

Kwa bei nafuu, mashine isiyo na kadi inatosheka na wati 400 za kweli, na yenye kadi ya daraja la 3060 na wati 550. Tafuta 80 Plus Bronze, dhamana ya kiwanda ya miaka 5, na uchambuzi wa mtu aliyeifungua na kuipima chini ya mzigo.

Kama tayari unayo hiyo ya stika, toa kadi ya grafiki leo kama prosesa yako ina grafiki zake za ndani na inaweza kutoa picha bila kadi. Kisha pima kwa maltimita, waya wa njano na mweusi kwenye Molex, prosesa ikiwa inafanya kazi nzito. Ikisoma chini ya volti 11.4, au ukisikia harufu ya plastiki, izime na uchomoe ukutani.