Ilford HP5 Plus kwa picha za wazee: uzoefu wangu hapa Unguja

Filamu hii naitumia kwa kazi moja: kuwapiga picha wazee wa ukoo wetu. Nataka picha za kutundikwa ukutani, ambazo wajukuu wakizitazama baadaye wamwone mtu mwenyewe kabla ya kuuona mtindo wa mwaka ule. Kwa kazi hiyo sijapata filamu inayoishinda HP5 Plus, na nitaeleza sababu.

Ni filamu ya nyeusi na nyeupe, ASA 400 (kipimo cha wepesi wake wa kunasa mwanga), inatengenezwa Mobberley, Uingereza, na iko sokoni tangu 1989. Mkanda wa milimita 35 unatoa picha 36.

Nilichokipenda kwanza ni jinsi inavyoitendea haki ngozi yetu. Kipima mwanga cha kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu. Mzee akikaa na kanzu nyeupe na kofia ya viua, kipima kinaona weupe mwingi, kinabana mwanga, na uso unatoka kiza. Kwa hiyo mimi nasogea, napima uso peke yake, kisha kwa mwenye ngozi nyeusi sana napunguza mwanga hatua moja, yaani nusu, ili weusi wake ubaki weusi, usigeuke majivu. Kanzu hapo inapata mwanga mwingi kuliko kawaida, na filamu nyingine zingeiacha karatasi tupu. HP5 inavumilia: mishono ya kifuani na kishada cha shingoni bado vinaonekana, na mikunjo ya uso imekaa pale pale ilipo. Picha ya mama mkubwa akiwa na kanga mabegani ndiyo iliyonifanya niache kabisa kutafuta filamu nyingine.

Mwanga wangu ni wa mlangoni. Mzee anakaa ndani, hatua chache kutoka kizingiti, uso ukielekea nje, baada ya alasiri jua likishapungua ukali. Sitii taa. Mpiga picha Seydou Keïta kule Bamako, Mali, alipiga uani kwake kwa mwanga wa mchana, nyuma ya mtu kitambaa tu, na picha zake za miaka ya 50 mpaka leo zinakusimamisha. ASA 400 inatosha kwa mwanga huo bila kumwambia mzee wa miaka themanini ajikaze asitikisike. Lenzi natumia ya milimita 85. Ukimsogelea mtu kwa lenzi pana, pua inakua na masikio yanarudi nyuma.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Fungueni albamu za nyumbani. Picha nyingi za rangi za miaka ya 70 na 80 zimegeuka nyekundu, lakini zile za nyeusi na nyeupe zilizopigwa studio kabla yake bado ni nzima. Picha ya rangi imejengwa kwa rangi zinazopauka. Ya nyeusi na nyeupe imejengwa kwa madini ya fedha, na ikisafishwa na kusuuzwa vizuri inakaa. Ndiyo maana kazi za Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza hapa mjini mwaka 1930, bado zinatazamika.

Sasa usumbufu wake. Kusafisha ni kazi. Duka moja nililopeleka lilinirudishia negetivu zenye mikwaruzo mirefu, na mmoja wa wazee wale tulikuwa tumeshamzika. Tangu hapo nasafisha mwenyewe. Kwa dawa ya kusafishia ya ID-11, sehemu moja ya dawa kwa sehemu moja ya maji, muda ni dakika 13 kwa nyuzi 20, na maji ya bomba hapa hayapoi kufikia nyuzi 20 hata alfajiri. Naweka chupa za dawa ndani ya beseni la barafu na kipimajoto, nangoja. Ukishindwa kabisa, kwa nyuzi 24 punguza hadi karibu dakika 9, ila usizoee. Muda ukiwa mfupi, kosa dogo linaonekana. Negetivu zikishakauka ziweke kwenye kopo lenye vile vifuko vya kunyonya unyevu, la sivyo ukungu wa pwani utazila.

Ukikuza sana, chembe zinaonekana. Mimi sioni tatizo. Anayetaka uso laini kabisa achukue FP4 Plus ya ASA 125, akubali kutafuta mwanga zaidi.

Bei imepanda na hapa madukani haipatikani kwa urahisi, kwa hiyo wengi wetu tunaagizia jamaa wanaokuja likizo. Mwambie aibebe mkononi na aombe ikaguliwe kwa mkono uwanja wa ndege. Mashine mpya za CT za kukagulia mizigo zinaunguza filamu, na huwezi kujua mpaka uisafishe.