Nililipia A flati, nikaambiwa ninunue kapo

Si kawaida yangu kuandika maoni kuhusu huduma niliyolipia, lakini darasa la gitaa nililolifuata mwaka jana kwenye kituo kimoja cha muziki hapa Dar es Salaam limeniacha na kinyongo ambacho hakijaisha hadi leo. Habari za ada, ratiba na vyumba utazikuta kwenye vipeperushi vyao, na sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, za ufunguo wa A flati meja, kwa sababu hizo ndizo nilizozifuata na hizo ndizo nilizonyimwa.

Ninapiga gitaa la rithimu kwenye kwaya. Mwalimu wetu wa kwaya ana mazoea ya kuupandisha wimbo nusu toni, yaani hatua moja ndogo ya sauti, pale ubeti wa mwisho unapoingia, na nyimbo zetu nyingi huanzia G, ambayo ikipandishwa hivyo huwa A flati. Mpiga kinanda anabonyeza kitufe chake cha kupandisha sauti, vidole vyake vinabaki palepale, naye anaendelea kutabasamu. Kwangu mimi mambo ni mengine kabisa. Ufunguo wa G ni rafiki wa gitaa kwa kuwa nyuzi zote sita, hata zikiachwa wazi bila kubanwa, zimo ndani ya skeli yake, yaani noti za ufunguo huo. Ukipanda hadi A flati, kati ya nyuzi hizo unabaki na G peke yake, na nyingine yoyote ukiiacha ilie, hata bibi aliyeketi benchi la nyuma atajua kwamba kuna aliyekosea.

Hayo yote nilimweleza mwalimu siku ya kujiandikisha, naye akatikisa kichwa kwa kukubali, nikalipa. Kilichofuata ni wiki nyingi za G, C na D, kodi ambazo ninazipiga tangu ujana wangu. Nilivumilia, kisha siku moja nikamuuliza kwa adabu, mbele ya wenzangu, “Mwalimu, ile A flati tutaigusa lini?” Akacheka, akawageukia vijana na kusema, “Mzee huyu anataka gitaa liwe kinanda. Mzee, nunua kapo, ibane freti ya kwanza, piga G yako, ukalale.” Darasa zima likaangua kicheko.

Sina chuki na kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote za gitaa kwa pamoja. Ukiibana freti ya kwanza, yaani nafasi ya kwanza kwenye shingo ya gitaa, umbo la vidole la G linatoa A flati, la C linatoa D flati, la D linatoa E flati, na la E maina linatoa F maina. Kwa wimbo unaoanza na kuisha katika A flati, hakuna njia nyepesi kuliko hiyo. Lakini wimbo wangu unapanda ukiwa njiani, na sijui ni mkono gani wa tatu utakaoifunga hiyo kapo wakati mpiga ngoma hanisubiri. Nilipomwambia hivyo, akanishauri nishushe nyuzi zote nusu toni ili umbo la A linipe A flati. Ushauri huo ulinikera kuliko kile kicheko, kwa sababu gitaa likishashushwa hivyo, G inapatikana kwa umbo la A flati, yaani alilitoa tatizo kwenye ubeti wa mwisho na kulihamishia kwenye beti zote zilizotangulia! Mtu anayeitwa mwalimu anapaswa kuliona hilo kabla hajafungua mdomo.

Hata hivyo, sitakuwa mkweli nikisema nilitoka mikono mitupu. Pale kituoni kuna kijana anayetyuni magitaa na kubadilisha nyuzi zilizokatika. Alisikia mabishano yetu, na nilipotoka akaniita pembeni. “Mzee wangu, achana na nyuzi nene, hizo mwachie mpiga besi. Shika zile tatu nyembamba za chini tu.” Akaanza na uzi wa tatu freti ya tano, kisha wa pili na wa kwanza zote freti ya nne: A flati hiyo. Akaupeleka uzi wa pili na wa tatu freti ya sita, ule wa kwanza ukabaki ulipo, ikawa D flati. Kutoka hapo akaurudisha uzi wa tatu nyuma freti moja tu, ikalia F maina. Mwisho akalichukua umbo la D ambalo kila mwanafunzi analijua, akalisogeza mbele freti moja, tukapata E flati. Kodi nne, zote kati ya freti ya tatu na ya sita, bila kile kidole cha shahada kulazwa juu ya nyuzi sita hadi mkono ukafa ganzi. Nilibaki nimeduwaa. Jumapili iliyofuata wimbo ulipopanda nilipanda nao, na mpiga kinanda aligeuka kunitazama.

Kwa furaha hiyo nilikuwa tayari kukisamehe kituo na kukipa nyota tatu, pengine nne. Basi nikaenda ofisini kuomba vipindi vyangu vilivyobaki nivimalizie kwa yule kijana. Dada wa mapokezi, bila hata kunyanyua macho kwenye simu yake, alinijibu kwamba huyo si mwalimu, ni fundi tu, na kwamba ada ikishalipwa hairudishwi. Nikauliza huyo mwalimu wanayemtambua wao amenifundisha nini. Akasema nimuulize mwenyewe.

Kwa hiyo ninaweka nyota moja, nayo ni ya fundi. Akifungua darasa lake, hata chini ya mwembe, nitalipa kabla hajaniomba. Kituo bado nakidai vipindi vyangu.