GTK 4 kwenye duka la mjomba: nyota nne

Programu ya stoo niliyomwandikia mjomba, muuza vipuri vya pikipiki Kariakoo, ilikuwa ya GTK 3 (GTK ni maktaba ya kujengea madirisha na vitufe vya programu). Mwezi uliopita nikaihamishia GTK 4, ile iliyotoka Desemba 2020. Nilijua ni kazi ya Jumamosi moja. Thubutu! GtkMenuBar (mstari wa menyu) haipo, GtkToolbar (mstari wa vipicha vya juu) haipo, GtkMenu (menyu yenyewe) nayo haipo. Menyu sasa unaijenga kwa GMenu (orodha ya vilivyomo kwenye menyu) na GAction (kitendo chenye jina, ambacho menyu au kitufe hukiita). Jioni mbili nimekaa barazani Sinza nikisonya, umeme umekatika, betri asilimia 20.

Halafu nikaelewa. Kitendo kimoja, "uza", nikakifunga kwenye menyu, kitufe na Ctrl+U. Mzigo ukiisha nakizima mara moja, vyote vinafifia. Zamani nilivizima kimoja kimoja, na kimoja lazima nikisahau; ndivyo mjomba alivyouza plagi ambazo hana. Kwa hili, walioviondoa vile vya zamani nawaunga mkono.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya majedwali. GtkTreeView, ya kuonyeshea majedwali, bado ipo, ila tangu 4.10 ya mwaka 2023 unaonywa usiitumie, uhamie GtkColumnView, jedwali jipya. Ni nzuri kwa orodha ndefu, lakini maandalizi ya kila safu wima yanachosha.

Mjomba yeye aliuliza kitu kimoja tu: "We kijana, vile vipicha vyangu vya juu umevipeleka wapi?" Nikampangia vitufe vikubwa ndani ya GtkBox (kisanduku cha kupangia vitu), akanyamaza.

Programu ya pili, yenye fomu nyingi, naiacha GTK 3 kwanza.