Kinawia mikono cha kukanyaga: miezi mitano katika wodi ya wazazi

Wauguzi wenzangu wa Koboko na Arua, Uganda, mmeniuliza sana kuhusu kinawia mikono tulichonunua kwa fundi wa kuchomelea vyuma karibu na soko. Tulilipa shilingi 190,000, pamoja na jerikeni ya lita 20.

Kinafaa, tena sana. Ukimaliza kumpima mama mwenye uchungu, hata kama ulivaa glavu, hutaki kugusa koki ambayo mwenzako ataigusa baada yako. Hapa unakanyaga tu: kulia sabuni, kushoto maji. Shirika la Afya Duniani linataka kunawa kwa maji na sabuni kuchukue sekunde 40 hadi 60. Zamani tukihurumia maji tulikuwa tunasuuza haraka haraka, vidole gumba na ncha za vidole zikisahaulika. Sasa unaachia kanyagio unaposugua, maji yanakatika, unasugua kwa utulivu hadi chini ya kucha.

Springi ya upande wa sabuni ililegea mwezi wa pili. Fundi aliibadilisha siku hiyo hiyo bila malipo, namshukuru. Sabuni nzito huziba mrija. Na tafadhali, msijazie sabuni mpya juu ya mabaki: osheni chupa, ikauke, ndipo mjaze.

Kasoro inayoniumiza ni kwamba hakina pa kuweka karatasi za kukaushia, kwa hiyo watu wanakimbilia taulo moja la wote, na vijidudu vinarudi mikononi. Nimemwomba fundi achomelee kisanduku pembeni, amesema Jumatatu.