ABL1 ya binadamu yenye mkia wa GST: nzuri kwa dasatinib, mtego kwa imatinib

Kichupa kinachouzwa mara nyingi cha kinasi ya tairosini ABL1 (kimeng'enya kinachotoa fosfeti kwenye ATP na kuibandika juu ya protini) kina mikrogramu 10 kwa ukolezi wa 0.1 mg/ml. Ndani yake ni sehemu ya kinasi iliyounganishwa na GST (protini ya kurahisisha usafishaji), iliyozalishwa katika seli za wadudu aina ya Sf9 kwa virusi vya bakulo. Kwa kupima vizuizi, yaani dawa zinazoizima kinasi, ni bidhaa nzuri na tunaipendekeza, kwa sharti moja ambalo ni nadra kulikuta kwenye lebo: ujue protini hiyo imefika na fosfeti kiasi gani juu yake.

Ndani ya Sf9 ATP ni tele, na molekuli za ABL1 hubandikana fosfeti zenyewe kwa zenyewe. GST nayo hupenda kushikana wawili wawili, kwa hiyo huzidi kuzisogeza karibu. Tairosini 393 ikishapata fosfeti, kinasi huelemea umbo lake la kazi. Imatinib, dawa ya saratani ya damu, haishiki vizuri umbo hilo; inataka kinasi iliyolala. Matokeo yake ni IC50 (ukolezi wa dawa unaozuia nusu ya kazi ya kinasi) ya imatinib inayopanda hadi mikromola, na mtu huanza kulaumu dawa, kiyeyushi chake DMSO au pipeti, ilhali hakuna chenye kosa. Dasatinib, dawa nyingine ya saratani hiyo, haisumbuki sana na tofauti hiyo.

Kama swali lako ni la imatinib au ndugu yake nilotinib, nunua toleo lisilo na fosfeti. Hilo hutengenezwa katika bakteria E. coli pamoja na fosfatasi YopH, kwa sababu ABL1 ikiachwa peke yake huwadhuru bakteria hao. Hata ukiwa nalo, changanya kimeng'enya na dawa dakika 30 kabla ya kutia ATP, maana imatinib hujishika polepole, kisha kipimo kiwe kifupi ili kinasi isijibandike fosfeti upya.

Angalizo kwa wanaonunua T315I, yaani ABL1 ambayo treonini ya nafasi ya 315 imebadilishwa kuwa isolusini: namba 315 ni ya aina 1a ya protini hiyo. Katika aina 1b treonini hiyohiyo ni 334. Linganisha mfuatano wa protini, usiamini namba peke yake.

Usafi wa asilimia 90 kwenye jeli si kipimo cha utendaji. Protini iliyokufa nayo huonekana mstari mzuri. Soma utendaji, halafu uulize ulipimwa kwa ATP kiasi gani. Chukua mfano wa nanomoli 500 kwa dakika kwa kila miligramu, kwa ATP nyingi. Wewe ukitumia ATP iliyo sawa na Km (ukolezi wa ATP unaoipa kinasi nusu ya kasi yake ya juu), kasi hushuka hadi karibu nusu, yaani nanogramu 1 hutoa takriban pikomoli 0.25 kwa dakika. Kishimo cha sahani ya kupimia chenye mikrolita 5 na ATP mikromola 10 kina pikomoli 50. Ukitaka usivuke asilimia 10 ya ATP hiyo, una dakika 20. Anayeacha kipimo saa nzima atapata mwanga mkali wa kupendeza kwenye kipimo na IC50 zilizopotoka.

Bafa inayofaa ni Tris milimola 40 ya pH 7.5, MgCl2 milimola 20, BSA (albumini ya ng'ombe) 0.1 mg/ml na DTT mikromola 50. Peptidi lengwa iwe Abltide (EAIYAAPFAKKK), na DMSO isizidi asilimia 1. BSA haiachwi: kimeng'enya cha nanomola chache hung'ang'ania plastiki na kupotea. Kwa ADP-Glo, kipimo kinachogeuza ADP iliyobaki baada ya ATP kutoa fosfeti kuwa mwanga kwa kimeng'enya lusiferasi, uwiano ni 1:1:2, yaani mikrolita 5 za kipimo, 5 za kitendanishi cha kwanza kwa dakika 40, kisha 10 za cha pili kwa dakika 30. Tumia ATP safi sana. Ya kawaida huja na ADP yake na kupandisha mwanga hata pasipo kinasi. Weka vishimo visivyo na kimeng'enya na vingine visivyo na peptidi.

Kuna pia sakafu ya hesabu. Ukitia kinasi nanomola 2, IC50 haiwezi kushuka chini ya nanomola 1, hata dawa iwe kali vipi. Dasatinib hugonga sakafu hiyo kirahisi. Punguza kimeng'enya na urefushe muda.

Wanaopima dondoo za mimea, kazi inayofanywa sana Afrika Mashariki, wajihadhari zaidi. Tanini hukamata protini yoyote, na molekuli nyingine hujikusanya kuwa chembe zinazozuia kila kimeng'enya. Ongeza sabuni ya Triton X-100 asilimia 0.01; uzuiaji ukitoweka, haukuwa wa kweli. Pima pia dondoo dhidi ya lusiferasi yenyewe kwa ADP iliyotiwa makusudi bila kinasi, kwani resveratroli, kwa mfano, huzima mwanga huo bila kuigusa ABL1.

Uhifadhi ni nyuzi -80. Friza ya -20 inayojiyeyusha barafu huharibu, kwani joto lake hupanda na kushuka. Yeyusha kichupa juu ya barafu, usitie kwenye voteksi, gawa mafungu ya mikrolita 5 hadi 10 na usirudishe lililokwisha yeyuka. Mzigo wa kuja Nairobi au Dar es Salaam uagizwe na barafu kavu ya kuvuka siku za forodha. Ukifika bila hata kipande, dai mwingine kabla ya kufungua.

Bei kwa mikrogramu ni kubwa, lakini nanogramu 1 kwa kishimo hufanya kichupa kidumu. Kinachogharimu ni kubadili bechi katikati ya kazi, maana kiwango cha fosfeti hubadilika nayo. Agiza vichupa vyote vya mradi kutoka bechi moja, na kila sahani iwe na mfululizo wa imatinib na wa dasatinib pembeni. Imatinib ikihama huku dasatinib imetulia, shuku fosfeti. Zikihama zote mbili, kagua ATP na kiasi cha kimeng'enya.